Masika Wawili wa Kalunguta

Nilitoka Butembo kwa sababu ya mtu mmoja aliyepungua. Hakufa, hakuhama; alipungua kwenye hesabu tu. Daftari la maabara ya Beni lilikuwa na mtu mmoja zaidi ya kompyuta yangu, na kompyuta yangu huwa siishuku, kwa sababu mimi ndiye ninayeilisha.

Nilisomea uuguzi. Nilichoma watu sindano miaka mingi mpaka magoti yakagoma, ndipo nikapewa kiti na meza katika ofisi ndogo ya afya huku Mususa, mjini Butembo, kati ya seremala na fundi wa redio. Kila wiki vituo vya afya vinatuletea karatasi zao, nyingine zina matone ya mvua, nyingine zinanuka moshi, nami naziingiza mstari kwa mstari. Kwa homa ya ini aina ya C, ule ugonjwa wa damu unaokula ini kimyakimya, tunahesabu ngazi nne: waliopimwa, waliothibitika kuwa na virusi, waliomeza dawa, waliopona. Tukisema tunataka kuumaliza, maana yake kila tuliyemkuta kwenye ngazi ya pili afike ya nne, na wapya wapungue hadi wasionekane. Ukiwa umekaa kitini ni jambo jepesi sana kulisema.

Mwezi ule daktari wetu mkuu alikuwa anatengeneza ramani. Eneo ambalo wote waliothibitika wameshapata dawa linapakwa kijani, na Kalunguta ilikuwa ya kwanza kupakwa. Nilijivuna. Kalunguta ni kwa babu yangu, na ile rangi niliiangalia kama shamba nililolipalilia mwenyewe. Kisha karatasi ya Beni ikaja na mtu wake wa ziada.

"Mama Kavira, mutu mumoja ni kosa tu, erreur ya labo," daktari akaniambia. "Tuache vile. Kalunguta tuliisha maliza."

"Docteur, niende nione na macho yangu. Siku ine tu."

Akayatazama magoti yangu, akacheka, akasaini karatasi ya safari.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mususa. Ukungu ulikuwa bado umekalia mabati na baridi ya Butembo ilikuwa ile ninayoijua tangu utoto, inayoingilia kwenye viganja. Pikipiki ilikuwa ya jirani yangu Papa Kambale, mtu wa makamo anayeendesha polepole kana kwamba amepakia mayai. Nilivaa makoti mawili. Tukapita wanawake wanaoteremka na mizigo ya vitunguu na viazi, tukapita mikaratusi na matanuru ya matofali, mji ukabaki nyuma.

Barabara ya Beni niliipita mara ya kwanza juu ya magunia ya kahawa, nimeshikwa shati na babu. Siku hizo lori lilisimama popote mtu alipoinua mkono, na dereva aliwajua wenye mashamba wote kwa majina. Ikaja miaka ambayo watu waliipita barabara hii wakiomba kimoyomoyo, na wengine hawakufika. Sasa inapitika, ila hakuna anayesimama bila sababu. Kwenye kizuizi kimoja askari alininyooshea mkono nishuke, akaniuliza kwa Kilingala niendako.

"Mama, mbote. Ozokende wapi?"

"Beni, ku labo. Ni kazi ya santé, ya afya."

Akaitazama karatasi yangu yenye muhuri, akaigeuza nyuma ambako hakukuwa na kitu, akanirudishia kwa heshima.

Saa mbili hivi tulipita Kalunguta bila kusimama, maana nilitaka kuliona daftari kwanza. Lakini nilimwomba Papa Kambale apunguze mwendo. Babu yangu alikuwa na wake wawili na nyumba mbili kwenye mteremko mmoja, nyumba ya juu na nyumba ya chini. Bibi yangu alikuwa wa juu. Akisimama uani na kupaza sauti "Kavira!", walikuja wasichana wawili mbio, mmoja kutoka jikoni kwake na mwingine kutoka nyumba ya chini, shangazi zangu wote. Bibi hakuwahi kusema amemtaka yupi. Aliwapa kazi wote wawili, na mimi Kavira wa tatu, mjukuu, nikafuata nyuma ili nisikose maembe. Nilipotazama mteremko kutoka barabarani niliona migomba tu. Nyumba zote mbili hazipo. Machozi yalinitoka nikamsingizia upepo, na Papa Kambale, mtu muungwana, akakubali kwamba upepo ulikuwa mkali.

Saa nne, Beni. Joto lilinipokea nikavua makoti yote. Pembeni mwa barabara kakao ilikuwa imeanikwa kwenye maturubai, na harufu yake ya uchachu ilinikumbusha likizo. Maabara iko nyuma ya mabweni ya zamani yaliyopakwa chokaa. Mwenyewe ni Papa Saidi, mzee wa Kiislamu wa pale Beni, ambaye baba yake alikuwa akisafirisha kahawa. Tumeongea kwa simu miaka mingi bila kuonana. Ana mwandiko ambao siku hizi hauonekani tena, herufi zimesimama wima kama wanafunzi mstarini.

"Karibu, Mama ya ordinateur," akasema, maana yake kompyuta yangu. "Unakuya kunigombeza ju ya mutu yangu moja?"

"Ninakuya kumuona."

Akafungua daftari kubwa la jalada gumu, tukaanza kulinganisha, yeye kwa kidole, mimi kwa karatasi nilizochapa. Tulifika mahali kidole chake kikasimama. Masika Kaghoma, mwanamke, wa Kalunguta, damu ina virusi. Nikampata kwangu. Tukashuka kurasa mbili. Masika Kaghoma, mwanamke, wa Kalunguta, damu ina virusi. Mwaka wa kuzaliwa uleule. Namba ya simu ileile.

"Huyu ni yule yule," nikasema. "Alipimwa mara mbili. Nilimufuta moja, nakumbuka."

Papa Saidi alisogeza kidole hadi ukingoni mwa ukurasa, ambako alikuwa ameandika kwa herufi ndogo. Kwa wa kwanza: mama Kahindo. Kwa wa pili: mama Kyakimwa.

"Banande munaitaka batoto kwa kuhesabu," akasema taratibu, bila kunikebehi. "Mutoto mwanamuke wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira. Kila mama anaanza hesabu yake. Lakini miye si Munande. Bila jina ya mama, nitabajua namna gani? Njo maana ninaulizaka."

Nilikaa. Mimi Kavira, niliyelelewa kati ya Kavira wawili wa mama wawili, nilikuwa nimeiona mistari miwili ya Masika na kudhani ni uchafu wa kusafishwa. Majina hayo nimeyazoea hata siyasikii tena. Mtu asiye wa kwetu ndiye aliyekuwa akiyasikia.

"Huyu wa pili," akaendelea, "ini yake ilikuwa imechoka kabisa. Ona, niliandika na wino nyekundu. Nilituma kuuliza: alianza dawa? Bakanijibu, ndiyo, Masika Kaghoma alianza."

Tangu wino ule mwekundu ulikuwa umepita mwaka mmoja na zaidi. Nilinywa maji aliyonipa. Kama ini lile lilikuwa limechoka siku ile, mwaka mzima bila dawa lilikuwa limefanyiwa nini? Na aliyeufanya mwaka huo upite nilikuwa mimi, kwa kidole kimoja, bila shaka huku nikinywa chai.

Jumanne, saa tatu asubuhi, Kalunguta. Nililala Beni kwa binamu, tukarudi mapema. Safari hii tulisimama. Watu wawili tu niliowauliza walinionyesha kwa Masika, na wote wawili waliniuliza kwanza, "Masika wa Kahindo ao wa Kyakimwa?" Walilisema hilo kama mtu anavyouliza kama unataka chumvi. Wa Kyakimwa hakuwepo, wakasema. Nikaenda kwa wa Kahindo.

Nilimkuta akigeuza kahawa juani, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. Nikamsalimu kwa Kinande, "Wavukire," akafurahi, akaniletea kiti na ndizi za kuchoma. Nilipomwambia ninatoka wapi, akanionyesha mikono yake yenye afya.

"Ile dawa yenu ni muzuri! Nilimeza kila siku, miezi tatu, sikuruka hata moja. Bakanipima tena, bakasema ugonjwa imeisha."

"Na dada yako, wa Kyakimwa?"

Mkono wake ukasimama juu ya kahawa.

"Tulipimwa wote. Miye siku ya kwanza, yeye wiki nyingine iliyofuata. Tulitoa simu moja, ya hapa nyumbani, juu yeye hakukuwa nayo. Kiisha bakaita: Masika Kaghoma, kuya ukamate dawa. Nikaenda. Siku ingine bakaita tena, nikasema, lakini niliisha anza! Bakasema pardon, mama, ni erreur."

"Na yeye akasemaje?"

"Aliniuliza, weye banakuita, miye hapana? Nikamwambia ushukuru Mungu, pengine yako ilikuwa kidogo ikajimaliza." Akanitazama. "Nilimudanganya?"

"Hapana, mama. Miye njo nilikudanganya weye."

Nilimweleza yote. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Aliingia ndani akatoka na furushi la kahawa iliyokaangwa, limefungwa kwa jani la mgomba.

"Iko Kyavinyonge. Alifwata samaki, anakausha, anauzisha. Umupelekee hii. Umuambie nilisema... basi, umupelekee tu."

Kabla ya kuondoka nilipanda mteremko wa babu kwa miguu. Pale palipokuwa nyumba ya juu nilikuta mawe matatu ya jiko, meusi bado. Nilikaa juu ya moja mpaka Papa Kambale akapiga honi.

Jumatano nilipumzisha magoti nyumbani Mususa. Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka tena kwa njia ya Kyondo. Milima ya huko imevaa mashamba hadi kooni, viazi, ngano, vitunguu, na watoto wa shule wanateremka wakiimba. Kisha mlima unakatika, na chini kabisa unaliona ziwa, jeupe, halina mwisho. Barabara ya kuteremka niliipita nimefumba macho. Papa Kambale aliniambia baadaye kwamba na yeye mara mojamoja.

Saa tano, Kyavinyonge. Harufu ya samaki na moshi ilitupokea kabla ya watu. Korongo wakubwa wenye vipara walikuwa wamesimama kando ya mitumbwi kama mahakimu, na nyuma ya kanisa kiboko alikuwa akila majani huku mwanamke akimpita na ndoo kichwani bila kumgeukia. Nikiwa msichana, samaki wa hapa walifika Kalunguta wameviringishwa kwenye majani, na bibi alitugawia vichwa kwa zamu. Sijawahi tena kula kichwa cha samaki kitamu namna ile.

Masika wa Kyakimwa alikuwa ameinamia beseni, anapasua tilapia kwa kisu kifupi. Alikuwa amekonda mabegani, na vifundo vya miguu vimevimba. Nilimpa furushi la kahawa. Alilinusa, akajua limetoka wapi, akaliweka mapajani.

"Weye njo nani?"

"Niko Kavira, wa Butembo. Ninaandikaka majina ya bagonjwa ku ordinateur. Niliona majina mbili sawasawa, nikafuta moja. Ile moja ilikuwa weye."

Aliendelea kupasua samaki. Akamaliza mmoja, akachukua mwingine.

"Ulinifuta."

"Ndiyo."

"Basi niko na ugonjwa."

"Uko nayo. Na dawa iko. Ilikuwa uianze tangu mwaka jana."

"Mwaka muzima ninachoka, ninajiambia ni moshi, ni kazi." Kisu kikasimama. "Batu ya ofisi, muko batu ya ajabu. Sasa unakuya kuniandika tena, niseme aksanti?"

"Hapana. Useme tu kama utakuya Beni."

Akanitazama kwa mara ya kwanza vizuri.

"Kwenu ni wapi, ya ukweli?"

"Babu yangu alikuwa wa Kalunguta. Nyumba mbili ku mulima."

"Basi ulimujua Papa wa sindano."

Nilimjua. Alikuja kwa baiskeli, na mkebe wa bati wenye bomba moja la kioo. Bibi alimchemshia lile bomba katika sufuria ndogo, juu ya mawe yaleyale matatu, tukapanga foleni watoto wa juu na wa chini na wa majirani. Baada ya watoto wawili watatu maji yalikuwa yameshapoa na bomba lilibeba damu ya mmoja kwa mwingine, lakini kahawa ilikuwa inasubiri kugeuzwa na bibi alikuwa na haraka. Sindano ndiyo ilikuwa dawa yenyewe. Nyumba isiyochomwa sindano ilionekana haijaliwi. Yule mzee alitupa vichupa vitupu tukachezea, alijua nani analia na nani anajikaza, na hakuwahi kutuchoma akiwa amenuna. Namkumbuka kwa upendo hadi leo, na hilo ndilo linaloniumiza.

"Alikuchomaka?" Masika akauliza.

"Alinichomaka."

"Na weye ulijipima?"

Mimi niliyechoma mikono na kuandika damu za watu wa wilaya nzima sikuwa nimewahi kujipima. Kila mara nilikuwa na kazi nyingine. Ukweli ni kwamba niliogopa.

"Una kile kipimo mu kifuko?" akauliza.

"Ninacho."

"Jichome hapa, nione. Kiisha nitakuya Beni."

Nilinawa, nikajichoma kidole mbele yake na mbele ya wanawake wengine wawili wa samaki walioacha kazi kutazama. Tone la damu, matone ya dawa, halafu dakika ishirini. Mstari mmoja ni salama, miwili ni virusi. Masika alitandika mfuko safi kwenye benchi tukaketi pamoja, kipimo katikati yetu. Nilisikia sufuria ya bibi ikichemka. Niliwaza shangazi zangu, wa juu na wa chini, ambao wote wawili walikufa na matumbo yaliyojaa maji, mmoja akisemwa karogwa, mwingine akisemwa mlevi, na sote tuliamini. Nililia pale waziwazi, na Masika, ambaye alikuwa na haki ya kunisukumia ziwani, alinishika mkono wenye kidole kilichochomwa.

Dakika zikaisha. Mstari mmoja.

"Bon," akasema. "Weye Mungu alikuruka. Ungoje ninawe."

Akawaachia wenzake beseni, akafunga kahawa ya dada yake kwenye khanga, akapanda pikipiki nyuma yangu. Papa Kambale alitupandisha mlima sote wawili polepole kuliko kawaida yake, na sikudhani hilo liliwezekana.

Ijumaa, Butembo. Nilirudisha mstari nilioufuta. Kalunguta ikaacha kuwa kijani. Daktari alikuja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Tulikuwa tumemaliza, Mama Kavira."

"Hapana, Docteur. Tulikuwa tumefuta."

Akavuta kiti. Tuliongeza kwenye fomu zetu safu moja mpya, jina la mama, na wiki zilizofuata nikafungua upya kila mstari niliowahi kuufuta kwa jeuri ya usafi. Mingi kweli ilikuwa ya mtu mmoja. Mingine haikuwa. Kila niliyempata nilimpigia mwenyewe, nikajitaja kwa jina na kosa langu. Naikumbuka mno Kalunguta ya nyumba mbili, na sitaacha kuikumbuka. Lakini sasa najua kwamba kuipenda peke yake hakukutosha, nilipaswa pia kutumia ilichonifunza.

Masika wa Kyakimwa alimeza dawa miezi mitatu, kwa dada yake, Kalunguta. Tukasubiri mitatu mingine, kama inavyotakiwa, ndipo damu ipimwe mara ya mwisho. Siku ya majibu nilienda Beni, ingawa hakuna aliyeniita. Kwenye varanda ya maabara watu walikuwa wengi. Papa Saidi akatoka na karatasi moja mkononi, akarekebisha miwani.

"Masika Kaghoma!"

Wanawake wawili wakasimama. Mmoja mnene, mmoja mwembamba, wameshikana mikono kwenye ncha ya khanga moja. Hakuna mtu varandani aliyeshangaa. Ni mimi tu niliyetazama viatu vyangu. Papa Saidi aliisoma tena karatasi, na nilipoinua macho nikaona anatabasamu, nikajua virusi havimo. Ini litahitaji kutazamwa maisha yote, lakini virusi havimo. Pembeni mwa karatasi, kwa zile herufi zake zilizosimama wima, kulikuwa na jina la mama. Hakulisoma.

"Mukuye," akawaambia. "Bote mbili."